Hukumu Iliyobaki Jengo la Kwanza

"Ripoti hii ni yako?"

Msajili wa Mahakama ya Rufani hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alisukuma karatasi nne juu ya meza, zimekuwa za manjano pembezoni, na akangoja.

Inspekta, mama wa makamo, hakuhitaji kuzishika. Aliitambua saini yake chini ya ukurasa wa nne, saini ya enzi zile za mbwembwe, yenye mkia mrefu kama wa tiara. Ilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Polisi wenzake walimwita Nukta, kwa kuwa jalada likishapita mikononi mwake hakuna aliyelifungua tena, na kwa muda mrefu jina hilo lilimpendeza.

"Ni yangu," alisema.

"Umeandika kwamba jalada la rufaa ya yule fundi mageti liliibwa na karani wa masjala."

"Ndivyo nilivyoona wakati ule."

"Basi majaji wanauliza, liliibwa likaenda wapi?"

Nukta alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa. Msajili alikuwa na umri wa binti yake wa kwanza, lakini swali lilikuwa la haki.

Kesi yenyewe haikuwa na fumbo. Fundi mageti aligombana na mshirika wake ndani ya karakana yao, wakashikana, akampiga kwa nondo mara moja, na mara moja ikatosha. Mahakama Kuu ikasema ameua kwa kukusudia, ikampa kifungo cha maisha. Alikata rufaa. Miaka miwili baadaye majaji watatu waliisikiliza, wiki ya mwisho kabla Mahakama ya Rufani haijahama kutoka jengo lake la kwanza. Wakasema hukumu itatolewa kwa taarifa, yaani siku ya kusomwa itatangazwa baadaye. Mahakama ikahama. Jalada halikuonekana tena, na taarifa haikutoka hadi leo.

"Nakala ya Mahakama Kuu?" Nukta aliuliza.

"Bomba lilipasuka chumba cha juu. Zilizobaki huwezi kusoma hata jina la mshitakiwa."

"Majaji?"

"Mwenyekiti wa jopo alifariki siku chache baada ya kuhama. Wale wawili walikuwa wa kuazimwa kutoka nje, unakumbuka tulikuwa na upungufu. Walimaliza kikao wakapanda ndege. Mmoja ni marehemu. Mwingine anaishi kwa binti yake, na nimempigia simu binti. Anasema baba hamkumbuki hata yeye." Msajili alifunga jalada jembamba lililokuwa mbele yake. "Jumatatu saa tatu asubuhi majaji wanafuta rufaa zote zisizo na kumbukumbu. Ya fundi mageti imo. Ikifutwa, atafia ndani. Dada yake anakuja masjala kila Jumatatu tangu mimi niko chuo. Hana hata kelele. Anauliza, anajibiwa, anasema asante, anakwenda."

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Ukutani nyuma ya Msajili zilining'inia picha kubwa kubwa, na mezani nyingine zilitandazwa. Mahakama ilikuwa inakaribia kutimiza miaka arobaini, na Msajili alikuwa ameangushiwa kazi ya kutengeneza kijitabu cha historia yake, kazi ambayo kila mkubwa aliisifia na hakuna aliyetaka kuigusa. Nukta alinyanyuka akazitazama. Alipenda picha kuliko maelezo, kwa kuwa picha haikuulizi unataka kusikia nini.

"Hili jengo la kwanza lilikuwa benki," alisema.

"Benki, naam. Kabla ya hapo hatukuwa na mahakama yetu. Tulikuwa tunashirikiana na majirani, majaji wanatembea nchi hadi nchi kama timu ya mpira. Majirani wakakosana, kila mmoja akachukua majaji wake na majoho yake akaenda kwao. Sisi hatukuwa hata na chumba. Benki moja ilikuwa imefunga milango mwezi uleule, serikali ikasema, haya, kaeni humo."

Picha ilionyesha ukumbi wenye nguzo nene na madirisha ya vyuma vya shaba waliposimama zamani makarani wa benki. Mawakili walikuwa wamepanga foleni kwenye madirisha hayohayo, na juu yao herufi za shaba zilisema bado KUWEKA na KUTOA. Masjala ilipokea rufaa kwenye KUWEKA na kutoa nakala kwenye KUTOA, na watu wakazoea. Picha ya pili ilikuwa ya ghorofa mbili walizopanga juu ya kampuni ya bima. Lifti ilikuwa mbovu siku tatu kwa wiki, na mawakili wazee walifika ghorofa ya tano wakiwa na hoja lakini hawana pumzi. La tatu ndilo hili la vioo na kuba, ambalo lilishinda tuzo ya usanifu na kuvuja mvua ya kwanza.

Nukta alirudi kwenye picha ya siku ya kuhama. Malori mawili, wapagazi, masanduku ya mbao yenye namba.

"Masanduku mia mbili na kumi na mawili," Msajili alisema. "Yote yalifika. Orodha ipo."

"Orodha iliandikwa kutokana na nini?"

"Kutokana na rejista. Kilichomo kwenye rejista ya masjala ndicho kilichofungwa."

Nukta aligeuka kutoka kwenye picha. "Nipe daftari za mzunguko wa majalada," alisema. "Za miaka mitano ya mwisho pale benki. Na chumba chenye meza."

Alikaa nazo mpaka wafagiaji walipokuja. Kila jalada lililotoka masjala kwenda kwa jaji liliandikwa, na lililorudi liliandikwa. Mara ya kwanza, miaka kumi na saba nyuma, alisoma mstari mmoja tu: jalada la fundi mageti limetoka, saini ya karani wa masjala, safu ya kurudi tupu. Saini ya mwisho ni ya nani? Ya karani. Aliandika ripoti kwa mstari huo. Sasa alisoma mistari yote, akiweka kidole kwenye safu ya kurudi, na karibu na mwaka wa tatu akaona kitu ambacho hata mwanafunzi wa upelelezi angekiona kama angejisumbua kukitafuta.

Majalada ya mwenyekiti yule wa jopo yalirudi masjala asubuhi ya siku ya kusomwa hukumu, saa mbili au saa mbili na nusu, hayakurudi hata siku moja kabla ya hapo. Kesi thelathini na nne, hakuna hata moja iliyokwenda kinyume. Baina ya kusikilizwa na kusomwa zilipita wiki tatu, wakati mwingine miezi miwili. Jaji huyo alikuwa maarufu kwa kutobakisha karatasi ofisini kwake. Sasa majalada hayo yalilala wapi?

Msajili, alipoulizwa, alisema hajui. Kwenye jengo hili kuna kabati la chuma. Enzi za benki alikuwa bado mtoto wa shule.

"Kuna mtu anajua," Nukta alisema, na hakulipenda jina lililomjia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu huu ulikuwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimwangusha.

*

Karani wa masjala aliyefukuzwa kwa ripoti ile aliitwa Rejista na kila aliyepita mahakamani enzi hizo, kwa kuwa ungemtajia namba ya rufaa yoyote naye angekutajia rafu. Sasa alikuwa anajalidi vitabu chakavu vya shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Asubuhi ya Ijumaa alimwona Nukta mlangoni, akaendelea kupaka gundi.

"Inspekta. Umekuja kuniambia nimeiba kingine?"

"Nimekuja kukuuliza."

"Loo! Leo unauliza." Alitandaza ukurasa, akaupapasa kwa kiganja. "Mke wangu yuko ndani. Hatatoka kukusalimia, usimngoje. Alikuwa mke wa karani wa Mahakama ya Rufani, ukamfanya mke wa mwizi. Watoto walibadilishiwa shule."

Nukta alikuwa ameandaa sentensi njiani, nzuri, yenye kuheshimika. Akaiacha.

"Nilikosea," alisema. "Pole."

"Majuto ni mjukuu, mama. Huyu wako ana umri wa kwenda kazini." Akaweka brashi chini. "Uliza, basi."

"Ulisema jalada ulimpa Bubu."

"Nilisema, nikarudia, nikaapa. Nililipeleka mwenyewe, mkononi mwake. Ukaenda kwake, akanyamaza, ukaona anayenyamaza ni mwaminifu na anayesema ni mwongo."

Hilo lilikuwa kweli, neno kwa neno. Bubu alikuwa karani binafsi wa mwenyekiti wa jopo, naye hakuwa bubu hata kidogo. Mawakili walimpa jina hilo baada ya kumjaribu miaka nenda miaka rudi. Walimjaribu kwa zawadi, kwa mzaha, kwa machozi ya wake wa wafungwa, wapate kujua tu hukumu imeelekea upande gani. Hawakupata hata kukunjwa kwa uso.

"Hukumu ilikuwa imekwisha kuandikwa?" Nukta aliuliza. "Au Jaji alikufa nayo kichwani?"

Rejista alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kikavu.

"Mimi ndiye nilikuwa natoa vifaa vya stoo. Jalada la hukumu iliyokwisha kutiwa saini lilifungwa kwa utepe wa kijani. Kijani tu, na kwa hukumu tu. Utepe mmoja, hukumu moja. Bubu alikuja dirishani Alhamisi mchana, siku moja kabla ya malori, akachukua utepe mmoja. Akatia saini daftari la stoo."

"Hukuniambia hilo."

"Hukuniuliza habari za stoo! Uliniuliza nimeiba au sijaiba. Nilikuwa natetemeka, Inspekta. Mtu anayetetemeka hakumbuki utepe. Niliukumbuka mwaka mmoja baadaye, nikakuandikia barua."

Barua ilifika. Nukta aliikumbuka bahasha, na aliikumbuka kwa sababu aliiweka kwenye droo akisema mwizi hakosi la kusema. Alimweleza hivyo Rejista, bila kupunguza neno, na Rejista akachukua brashi yake.

"Nenda kwa Bubu," alisema. "Na safari hii usiondoke."

*

Bubu aliishi kwa mwanawe, nyumba ya tatu kutoka kituo cha afya. Alikuwa mzee mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi kooni na joto lote lile, ameketi barazani kama anayengoja kuitwa ndani na jaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nakukumbuka. Wewe ni yule wa polisi."

"Ni mimi. Nimekuja kwa jambo lilelile."

"Basi jibu langu ni lilelile." Alilisema kwa upole, na kwa fahari kidogo. "Mambo ya chumba cha Jaji siyazungumzii. Nilikula kiapo."

Nukta aliketi kwenye ngazi ya chini, akawa anainua uso kumtazama. Kichwani alikuwa akiyasoma upya mahojiano yao ya zamani. Alimwuliza, je, wiki ya mwisho ulirudisha jalada lolote masjala? Lolote, alisema. Hakutaja lipi, maana upelelezi ulikuwa wa siri, na yeye alijisifu kwa kutunza siri. Siri yake ilikutana na siri ya mzee huyu, zikapishana, kila moja ikaenda zake.

"Mzee, mwaka ule nilipokuja, ulidhani nimekuja kutafuta nini?"

"Wavujishaji. Wakati ule kila mtu alikuwa anatafuta wavujishaji wa hukumu. Nikasikia baadaye Rejista kafukuzwa, nikasema kumbe ni yeye."

"Hakuvujisha kitu. Alifukuzwa kwa sababu ya jalada la fundi mageti. Lilipotea, nikasema kaiba yeye."

Bubu alikunja uso, kama mtu aliyesikia namba isiyo sahihi. "Lilipotea vipi? Lile halikuwa la kupotea."

"Kwa nini?"

Mzee alifunga mdomo. Mazoea ya miaka thelathini yalimrudia palepale, Nukta akayaona yakifika.

"Sikuulizi ndani mna nini," alisema haraka. "Nakuuliza habari za jengo. Ile benki. Hukumu ikishatiwa saini, kabla ya kusomwa, ililala wapi?"

"Jengo si siri," Bubu alikubali baada ya kufikiri. "Chini kulikuwa na chumba cha chuma, walimokuwa wakiweka fedha. Jaji hakuiamini masjala, samahani kwa kusema. Hukumu ikishatiwa saini, mimi nilishuka nayo. Funguo ilikuwa moja, tukiitunza yeye na mimi tu. Haikuandikwa popote mpaka siku ya kusomwa. Ikiandikwa rejista, mchana wake soko zima linajua."

"Na siku ya kuhama?"

"Jumamosi, baada ya malori, ilikuwa niende na Jaji tukatoe kilichobaki. Ijumaa usiku akaanguka nyumbani kwake. Jumatano akatutoka. Mimi nikaitwa utumishi, nikaambiwa karani wa jaji anastaafu na jaji wake. Nilitia funguo kwenye bahasha, nikaandika 'Kwa Jaji atakayefuata', nikaiweka kwenye droo ya meza yake."

"Meza yake ilipelekwa wapi?"

"Sijui. Labda kwa familia, kama kumbukumbu." Alisita. "Majaji wenzake walikuwa wanajua hukumu imekwisha. Walitia saini mbele yangu."

"Walipanda ndege, mzee. Kila mmoja alidhani mwingine atasema."

"Lakini ilisomwa. Lazima ilisomwa. Mahakama haiwezi…"

"Hukuuliza?"

"Karani haulizi hukumu," Bubu alisema.

"Haikusomwa. Fundi mageti yuko ndani mpaka leo. Jumatatu wanaifuta rufaa yake."

Mzee alisimama, akasahau amesimama kwa nini, akaketi tena. Mkono wake ulikwenda kwenye kifungo cha shingoni ukakifungua. Alijua kilichoandikwa kwenye karatasi zile kuliko mtu yeyote aliye hai, kwa kuwa alizichapa mwenyewe. Nukta alimwona akihesabu miaka midomo ikicheza. Alipofika mwisho alifunika macho.

"Bado yuko ndani?" aliuliza. "Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Mimi nilikuwa najisifu," Bubu alisema. "Kanisani, harusini, popote. Nikisema hakuna mtu aliyewahi kupata neno kwangu." Akamwita mwanawe amletee viatu. "Tafuta fundi makufuli, mama. Mzuri. Mlango ule haufunguki kwa maneno."

*

Benki ilikuwa sasa duka la magodoro. Yalijaa ukumbi wote hadi kwenye nguzo, yamefungwa nailoni, na kwenye dirisha la KUTOA keshia alikuwa anakula njugu. Mwenye duka alisoma hati ya Msajili mara mbili, akamtazama Msajili mwenyewe, akamtazama Nukta na mzee na fundi aliyebeba drili.

"Mlango wa chini? Huo nimeupiga teke, nimeuombea dua, nimeletea mafundi watatu. Mwenye jengo akasema nikibomoa ukuta nyumba itanilalia. Nikauwekea magodoro mbele nikasahau kama upo. Mnatafuta fedha?"

"Karatasi," alisema Nukta.

"Haya, karatasi." Hakuamini, lakini alisaidia kusogeza magodoro, na kila alipopata nafasi alichungulia.

Drili ilifanya kazi tangu saa nne ya Jumamosi hadi saa nane. Nukta aliandika kila kitu: nani yupo, kufuli lilikuwa zima kabla ya kuguswa, hakuna alama za kuvunjwa. Aliandika taratibu, maandishi makubwa, kama anayelipa deni la zile karatasi nne. Mlango ulipokubali, hewa iliyotoka ilinuka chuma na vumbi. Fundi alimulika tochi.

Rafu zilikuwa tupu kwa pande tatu. Upande wa nne, rafu ya katikati, palikuwa na jalada moja peke yake, limefungwa utepe wa kijani, fundo la kipepeo limekaa sawasawa.

"Ndilo fundo langu," Bubu alisema.

Hakuna aliyelisogelea. Nukta alipiga picha tatu, akapima umbali kutoka mlangoni, akamwomba Msajili atie saini daftari lake na mwenye duka atie saini kama shahidi. Kisha akanyoosha mkono achukue, na mzee akamzuia.

"Haijasomwa," alisema.

"Mzee, namba ya jalada lazima niione."

"Namba iko nje. Isome. Utepe haufunguliwi mpaka kwa jaji."

Kwa mujibu wa sheria Msajili angeweza kuufungua utepe ule palepale, na mikono yake ilionyesha anatamani. Alimwachia mzee alibebe jalada mwenyewe, kwa mikono miwili, mpaka kwenye gari.

*

Jumatatu saa tatu ukumbi wa kuba ulikuwa na watu wachache. Rufaa za kufutwa hazivuti wasikilizaji. Dada wa fundi mageti alikaa benchi la mbele na pochi yake magotini. Alikuja kuuliza masjala kama kawaida yake, akaambiwa leo asiulize, aende juu. Rejista alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nukta alimwendea jioni ya Jumamosi kumwomba aje, naye hakusema ndiyo wala hapana.

Fundi mageti aliletwa kizimbani. Nukta alimtafuta yule kijana mwenye mabega mapana aliyekuwa kwenye picha ya jalada la polisi, akamkuta mtu wa mvi, miwani imefungwa kwa uzi sikio moja.

Jaji aliyeongoza jopo alimwita Nukta kwanza.

"Inspekta, ripoti yako ya zamani inasema jalada liliibwa. Unaisimamia?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ripoti hiyo ni ya uongo, na uongo huo ni wangu. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na haraka. Karani wa masjala hakuiba kitu. Alisema kweli tangu siku ya kwanza, na aliniandikia barua sikuifanyia kazi. Naomba iandikwe hivyo."

Alipogeuka kurudi alitazama nyuma. Rejista alikuwa ameinama, ameshika kichwa. Mlango uliokuwa wazi kando yake hakuutumia.

Kisha Bubu akaapa, akalitambua jalada, akalifungua fundo lake. Jaji akasema kwamba sheria inamruhusu kusoma hukumu iliyotiwa saini na wenzake wasiokuwepo, na akaanza. Alisoma kurasa kumi na moja bila kupandisha sauti. Karatasi zilisema kulikuwa na ugomvi wa ghafla. Zilisema marehemu ndiye aliyeinua nondo kwanza, zikamtaja shahidi aliyeona na ambaye Mahakama Kuu ilimpuuza. Ukurasa wa mwisho Jaji alipunguza mwendo.

"Tunaona mrufani aliua, lakini hakukusudia kuua. Tunatengua hatia ya mauaji na kuweka mahali pake hatia ya kuua bila kukusudia. Kifungo cha maisha kinafutwa. Atatumikia kifungo cha miaka saba, kuanzia siku alipohukumiwa na Mahakama Kuu."

Jaji alivua miwani. Hakuwa na haja ya kuendelea, lakini aliendelea, kwa maneno yake mwenyewe.

"Mrufani, maana yake uko huru. Mahakama hii inakuomba radhi. Sijui neno kubwa zaidi ya hilo, ningelijua ningelitumia."

Fundi mageti alishika ukingo wa kizimba. Wakili wa serikali alikuwa ameinamisha uso. Askari magereza aliyekuwa kando ya kizimba alirudi nyuma hatua moja, hajui tena asimame wapi.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza," alisema fundi mageti.

"Uliza."

"Hiyo saba iliisha lini?"

Jaji alitazama tarehe, akaandika kitu pembeni, akakitazama tena. "Leo una miaka kumi na tisa ndani. Saba iliisha miaka kumi na miwili iliyopita."

Fundi mageti alitikisa kichwa polepole. Alikuwa amezoea kuhesabu kwa namna ya wafungwa, tangu siku aliyoingia.

"Mama yetu alikufa mwaka wa nane," alisema.

"Mwezi wa pili," dada yake alisema kutoka benchini. Alikuwa amesimama, na hakuna aliyemwambia aketi. "Mwaka wa nane, mwezi wa pili. Alikuwa anamuulizia."

Karani wa mahakama aliinua mikono juu ya kibodi. Aliuliza kwa sauti ya chini kama maneno hayo ni sehemu ya mwenendo wa kesi, ayaandike au ayaache.

"Yaandike," alisema Jaji. "Na jina la mama. Dada, tutajie jina la mama."

Alilitaja, na karani akaandika.